Wasomaji Wanauliza: Kifungua Kinywa cha Bwaloni

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaokula asubuhi kwenye mabwalo ya vyuo, na nyingine kutoka kwa wanaowapikia. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu anacholalamikia mlaji mara nyingi chanzo chake kiko jikoni, na jikoni nako wanalalamika juu ya foleni.

SWALI: Bwalo letu linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kipindi cha kwanza ni saa mbili. Nikifika saa moja na nusu nakuta foleni imefika mlangoni. Wiki hii nimeingia darasani mara tatu na mkate mkononi. Niamke saa ngapi jamani?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Huhitaji kuamka alfajiri, mdogo wetu. Robo saa tu itakutosha, ukijua ni robo saa ipi.

Chukua mhudumu mmoja mwenye upawa. Akitumia sekunde 12 kwa kila sahani, anahudumia watu 5 kwa dakika, yaani 150 kwa nusu saa. Wakija watu 250 kwa mkupuo kuanzia saa moja na nusu, mia moja watakuwa bado wamesimama saa mbili ikigonga. Anayefika saa moja na robo hakutani na hao kabisa. Anapita, anakaa, na wao wakianza kusukumana yeye yuko kwenye kikombe cha mwisho. Kwa hiyo tafuta mkupuo wa bwalo lenu unaanza dakika gani, uutangulie. Ukichelewa, hesabu vichwa vilivyo mbele yako ugawe kwa tano: hizo ndizo dakika zako za kusimama. Ongeza 15 za kula na 5 za kurudisha vyombo, kisha uamue kama unakaa au unachukua ndizi na yai uondoke.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Foleni mara nyingi haikwami kwenye upawa. Inakwama kwenye kibaniko cha mkate. Kibaniko cha mkanda kikipokea vipande viwili kila baada ya sekunde 15, kinatoa vipande 8 kwa dakika. Kila mtu akitaka viwili, ni watu wanne tu. Upawa unatoa watano. Kila dakika anabaki mtu mmoja nyuma, na baada ya dakika kumi ni watu kumi wamesimama wanatazama mkate unavyosafiri. Kama mpangilio wa bwalo unaruhusu, anza na mkate: uweke kwenye mkanda, nenda kachukue chai, rudi uupokee. Na kama leo hutaki mkate wa kubanika, muulize mhudumu kama unaweza kupita pembeni moja kwa moja hadi kwenye uji na matunda. Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila hakuna anayeuliza.

SWALI: Hicho kibaniko cha mkanda kinanishinda. Mara ya kwanza mkate unatoka mweupe, nikiurudisha unatoka mkaa.
*Msomaji wa kike, bweni la tatu*

JIBU: Mara ya kwanza joto linatumika kukausha. Maadamu kuna maji kwenye uso wa mkate, uso huo haupandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na rangi ya kahawia huanza kuja vizuri karibu na nyuzi 140. Mkate ukitoka mweupe, maji ya juu yameshakwisha. Ukiurudisha kwa mwendo uleule, safari nzima inakuwa ya kuunguza.

Dawa ni kupunguza mwendo wa mkanda tangu mwanzo ili upite mara moja tu. Kama kitufe kimefungwa wanafunzi wasikiguse, urudishe lakini usimame pale: ukiuona umeshika rangi, uuvute kwa koleo la mbao pale unapoangukia. Asubuhi mapema mashine ikiwa haijapata moto, vipande vya kwanza huwa vyeupe kwa kila mtu, wala si kosa lako.

Usipitishe mkate uliopakwa siagi, jamu au jibini. Mafuta yanadondokea kwenye nyaya za moto na kuwaka; moshi unaojaza bwalo asubuhi, mara nyingi ndio huo. Kipande kikinasa ndani usikichokoe kwa kisu wala uma, kwani ndani kuna umeme. Mwite mhudumu azime na kuchomoa waya kwanza.

SWALI: Nasimamia jiko la chuo. Mayai yetu ya kuvuruga yanatoka jikoni ya manjano, lakini baada ya saa moja kwenye meza ya moto, ile yenye maji ya moto chini ya vyombo, yanageuka rangi ya kijani na kutoa maji chini ya chombo. Wanafunzi wanasema tunawapa mayai viza. Mayai ni mapya, nayaona yakipasuliwa. Tunakosea wapi?
*Msimamizi wa jiko*

JIBU: Mayai ni mazima, bwana msimamizi, na ukijani huo hauna sumu. Ni kemia. Ute mweupe una protini zenye salfa. Ukipata joto kwa muda mrefu unatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayotoa harufu ya yai. Kiini kina madini chuma. Viwili hivyo vikikutana katika joto vinaungana kuwa kitu kimoja cha chuma na salfa, na rangi yake ndiyo hiyo ya kijani kibichi kinachoelekea kijivu. Ni kitu kilekile kinachoonekana kama pete kuzunguka kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Lakini wanafunzi hawawezi kujua hayo, wanaona rangi tu, na mtu akishakunja uso mbele ya chombo wenzake kumi nyuma yake hawachukui.

Kosa kubwa liko kwenye kiasi na saa. Jiko likikaanga mayai yote saa kumi na moja na nusu kwa ajili ya asubuhi nzima, hakuna ujanja utakaoyaokoa. Rudi kwenye hesabu ya foleni: watu 5 kwa dakika, mayai mawili kila mmoja, ni mayai 10 kwa dakika wakati wa mkupuo. Trei moja ya mayai 30 inaisha kwa dakika tatu. Basi mpishi mmoja abaki kwenye kikaango tangu dakika tano kabla ya mkupuo, akitoa trei mbili au tatu kwa wakati. Kabla na baada ya hapo, trei moja inatosha kwa muda mrefu, na lengo liwe kwamba hakuna yai linalokaa mezani zaidi ya nusu saa.

Vyombo navyo. Tumia vya kina kifupi, sentimita 6 hivi, si vile vya sentimita 15. Chombo kirefu kikijazwa, mayai ya chini yanabanwa na uzito wa yale ya juu, yanaendelea kuiva, na yanakamuliwa kama sponji. Ndiyo maji unayoyaona. Maji huzidi pia pale wapishi wanapoongeza maziwa au maji mengi ili mayai yaonekane mengi: protini za yai hushika kiasi fulani cha maji tu, zikizidishiwa joto zinakaza na kuyaachia. Maziwa yasizidi kijiko kimoja cha chakula kwa kila mayai mawili, na hata bila maziwa hakuna kinachoharibika. Toeni mayai motoni yakiwa bado yanang'aa kidogo, kwa sababu yataendelea kuiva kwa joto lake yenyewe njiani. Pima kwa kipimajoto: katikati pawe pamefika nyuzi 71 au zaidi.

Na tafadhali, msimimine mayai mapya juu ya yaliyobaki. Hilo linafanyika kila mahali kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake ni kwamba safu ya chini inakaa pale tangu bwalo lifunguliwe hadi lifungwe. Chombo kipya kikija, cha zamani kiondoke.

Meza ya moto yenyewe haikutengenezwa kupasha chakula. Kazi yake ni kukishikilia. Iwasheni nusu saa kabla, maji yawe yanafuka, kisha wekeni chakula ambacho tayari ni cha moto. Chakula kisishuke chini ya nyuzi 60. Hatua za mwisho ni ndogo: matone machache ya maji ya limau kwenye mayai mabichi yanachelewesha ukijani, na kikaango cha chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko cha chuma cha kawaida, ambacho huongeza madini chuma.

Mkiona yote haya ni mzigo, fikirieni kubadili siku tatu kwa wiki kuwa mayai ya kuchemsha. Dakika 10 hadi 11 tangu yaingizwe kwenye maji yanayochemka, kisha moja kwa moja kwenye maji yenye barafu. Hayageuki rangi, yanahesabika, na hayahitaji upawa. Kwa maoni yetu ndiyo mayai yanayofaa zaidi bwaloni, ingawa walaji watanung'unika wiki ya kwanza.

SWALI: Nakula vipande vinne vya mkate mweupe, jamu, na vikombe viwili vya chai vyenye sukari vijiko vitatu kila kimoja. Nashiba kabisa. Ikifika saa nne asubuhi tumbo linanguruma darasani.
*Mwanafunzi wa uhandisi*

JIBU: Unashiba wanga. Sukari ya chai yako pekee ni vijiko sita vya chai, gramu 24 hivi. Jamu vijiko viwili vya chakula inaongeza kama gramu 20. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 50. Wewe umezikaribia kabla ya kipindi cha kwanza.

Usiondoe kila kitu. Bakisha vipande viwili vya mkate, vya ngano isiyokobolewa kama vipo. Badala ya viwili vingine weka mayai mawili, yenye protini gramu 12 hivi, na kikombe cha maziwa cha mililita 250, chenye gramu 8. Hizo ni 20, na mchana utaziona. Usipokula mayai, nusu kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 7, na vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga vina 7 au zaidi kidogo. Malizia na tunda zima badala ya juisi, kwa kuwa tunda lina nyuzinyuzi na linakulazimisha kutafuna. Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kila wiki. Wanaoiacha ghafla huwa wanairudia.

SWALI: Uji wa bwaloni saa moja ni mwepesi, saa mbili ni kama gundi, na juu una utando. Wanaongeza unga?
*Wapenda uji watatu*

JIBU: Hawaongezi kitu. Wanga wa nafaka unaendelea kunywa maji muda wote uji unapokaa motoni, na mvuke nao unaondoka kila mfuniko unapofunuliwa. Utando ni uso uliokauka. Mhudumu aongeze maji au maziwa ya moto, kikombe kimoja kwa kila lita tano hivi, akoroge hadi chini. Ya baridi yanashusha joto na kuleta mabonge. Ninyi chovyeni upawa chini kabisa mnyanyue, msikombe juu.

SWALI: Nina kisukari aina ya kwanza. Huwa nadunga insulini ya haraka chumbani, natembea dakika tano hadi bwaloni. Juzi foleni ilikuwa ndefu nikaanza kutetemeka nikiwa nimesimama. Halafu sijui uji wao una wanga kiasi gani.
*Msomaji wa mwaka wa pili*

JIBU: Pole sana. Insulini ya haraka huanza kazi ndani ya dakika 10 hadi 15. Ukijumlisha dakika tano za kutembea na, tuseme, ishirini za foleni, ilikuwa tayari inashusha sukari na hujaona hata sahani. Chumbani unajua saa uliyodunga lakini hujui saa utakayokula. Zungumza na kliniki yako kuhusu kudunga ukiwa tayari na trei mkononi, au umeshakaa mezani. Sukari inaweza kupanda kidogo zaidi baada ya kula, na daktari wako atakuambia jinsi ya kulirekebisha hilo. Ni afadhali kuliko kuanguka kwenye foleni.

Mkate na matunda hesabu yake ni nyepesi: kipande cha kawaida cha mkate kina wanga gramu 15 hivi, ndizi ya wastani 27, kikombe cha maziwa 12. Uji ndio mgumu, na hapa lazima uende jikoni. Uliza mambo matatu: unga gramu ngapi kwa lita, kuna maziwa ndani, na sukari inatiwa kwenye sufuria au kila mtu anajitilia. Tuseme wanatumia gramu 100 za unga kwa lita ya maji. Kikombe chako cha mililita 250 kina gramu 25 za unga, na karibu robo tatu ya unga wa nafaka ni wanga, hivyo unapata 18 au 19. Sukari ya sufuriani iongeze juu yake. Kisha chukua kikombe cha kupimia, mimina humo upawa mmoja wa mhudumu, uone ni mililita ngapi. Pawa za bwalo moja huwa hazilingani, kwa hiyo jua ni upi wanaoutumia. Kumbuka pia kwamba uji wa saa mbili ni mzito kuliko wa saa moja, kama tulivyowajibu wapenda uji hapo juu. Kikombe kilekile kina wanga zaidi.

Mfukoni usikose sukari. Ukipima ukakuta chini ya 4 mmol/L, yaani 70 mg/dL, au ukitetemeka bila kifaa cha kupimia, kula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au juisi mililita 150. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama haijapanda. Chokoleti haifai wakati huo kwa sababu mafuta yake yanaichelewesha sukari. Mwambie mhudumu mmoja na rafiki mmoja kwamba ukisema "sukari imeshuka" upelekwe mbele ya foleni bila maswali, na kwamba ukizimia wasikutie kitu mdomoni bali waite msaada wa dharura.

SWALI: Mwanangu ana mzio wa karanga na anaanza chuo. Bwalo lina meza moja ya siagi, jamu na siagi ya karanga. Inatosha asichukue ya karanga?
*Mzazi*

JIBU: Haitoshi, mzazi wetu. Angalia kisu cha meza hiyo kwa dakika mbili: kinatoka kwenye siagi ya karanga, kinaingia kwenye jamu, kinapumzishwa juu ya siagi. Baada ya watu watatu kila kopo lina karanga. Kijana atumie siagi na jamu za paketi ndogo ambazo hazijafunguliwa, au aombe kopo jipya kutoka jikoni. Kibaniko hakiui mzio. Protini ya karanga inastahimili joto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwa kuwa vitakasa mikono vya pombe haviiondoi protini hiyo. Mezani aipanguse sehemu yake kabla ya kukaa.

Kabla ya siku ya kwanza nendeni mkaonane na mpishi mkuu uso kwa uso, si karani wa ofisi. Ulizeni ni vyakula gani vya asubuhi vina karanga na mafuta gani yanatumika kukaangia. Sindano ya adrenalini iwe kwenye begi analokwenda nalo bwaloni. Ikibaki bwenini haina kazi.

SWALI: Nimeambiwa nikiruka kifungua kinywa nitanenepa. Kweli?
*Asiyependa kula asubuhi*

JIBU: Ushahidi hausemi hivyo. Mapitio ya majaribio 13 yaliyochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2019 hayakuona kwamba kula asubuhi kunapunguza uzito. Waliokula walikuwa wazito kidogo zaidi, karibu nusu kilo. Waandishi wenyewe walionya kwamba ubora wa majaribio hayo ulikuwa mdogo. Kama huna njaa saa moja, chukua yai na tunda ule saa nne. Lakini kama saa nne huwa unakimbilia maandazi na soda, hapo kuruka hakujakusaidia kitu.

SWALI: Natumia vidonge vya madini chuma, navimeza bwaloni na chai ya maziwa. Mwenzangu ananicheka.
*Msomaji*

JIBU: Safari hii mwenzako ana hoja. Chai inakamata madini chuma tumboni, na kalsiamu ya maziwa inapunguza yanayofyonzwa. Meza kidonge kwa maji au juisi ya chungwa, kwani vitamini C inasaidia, na chai isogeze mbele kwa saa moja au mbili. Kama kidonge kinakuchafua tumbo ukiwa na njaa, kimeze na mkate mtupu au tunda.

SWALI: Yai la kuchemsha nililolibeba kutoka bwaloni linakaa muda gani?
*Wa chumba namba 9*

JIBU: Nje ya friji, muda wa saa mbili tu. Kwenye friji, likiwa na ganda lake, siku saba tangu lichemshwe, ila bwaloni huwezi kujua lilichemshwa lini wala limekaa mezani muda gani, kwa hiyo lile siku hiyohiyo. Na uliza kwanza kama kutoka na chakula kunaruhusiwa. Mabwalo mengine huruhusu tunda tu.